Wenzo Usiofunguka

Nilianza na picha. Sikuwa na kingine.
Babu Mahfudh, Matrah, mwaka sabini na nne,
jambia kiunoni, kilemba kimelala upande,
na Martini ya kale imeegemea bega lake
kana kwamba walizaliwa pacha.

Ukoo mzima uliijua bunduki ile kwa masimulizi.
Ami Thuwaini: ilipigana Jabal Akhdhar.
Shangazi Ghalia: wapi! Ilitoka Ibra, deni la ng'ombe.
Mmoja aliizika, mwingine aliiuza Dubai;
kila Idi ilikufa kifo kipya.

Mimi fundi viyoyozi, karakana yangu iko Mabela.
Sina vita na mtu.
Ijumaa tunakwenda wadini, watu wazima na ndevu zetu,
miwani usoni, bunduki za vigololi vya plastiki;
anayepigwa hupaza sauti, "Nimekufa!"
kisha huketi kivulini akanywa laban.
Nikasema: nitaiunda ya Babu.

Kitako nilikichonga kwa msaji,
mguu wa kitanda cha Bibi kilichovunjika.
Shafikul, seremala wa Wadi Kabir, aliniazima randa
akanicheka kwa Kibengali.
Mtutu wa nje, bomba la gesi ya kiyoyozi.
Mtutu wa ndani niliuagiza, milimita sita na unywele,
na kimpira cha kuisokota gololi iruke mbali.
Ikaja nyepesi mno, kama uongo wa mtoto.
Nikatia chubwi kitakoni, robo kilo:
risasi ya wavuvi,
risasi pekee bunduki hii itakayopata kuibeba.

Ukabaki wenzo,
ule mkia chini ya kifyatulio
unaoshushwa ili kinywa kifunguke.
Niliuchapa kwa plastiki mara saba.
Julai; na kiyoyozi cha fundi viyoyozi, bila shaka, kibovu.
Plastiki ikajikunja kama ng'onda.
Wa saba ukanyooka, ukafunguka, ukafunga, taka!
Lakini kila nikiupima na picha, haukubali.

Nikaikuza picha mpaka ikawa punje punje.
Pale palipopaswa kuwa na ufa, hapana ufa.
Wenzo na kitako, mti mmoja.
Mdomo wa mtutu hauna tundu,
ni duara la rangi nyeusi,
jicho la kuchorwa.

Bibi Zayana alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.
"Ya mpiga picha," akasema. "Na jambia lake.
Na kilemba alimfunga yeye, babu yako alikuwa hajui.
Tulikuwa na wiki tatu tangu tushuke.
Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini tu:
akiomba tungule sokoni, watu wanaitikia amina."
Akatupa kijiwe.
"Ilikuwa ya kupeleka Unguja.
Wajue tumefika kwetu."

Nikamuuliza mbona miaka yote hii hakusema.
"Nani aliuliza? Nyinyi mlikuwa mnasimulia."

Nilirudi karakana usiku huo huo.
Wenzo wa saba, ule sahihi,
nikauweka ndani ya kopo la nati.
Nikakata msaji uliobaki, nikachonga usiofunguka,
nikaupiga msasa mpaka vidole vikakosa alama.
Mdomo nikaupaka duara jeusi,
katikati yake nikaacha kitundu.
Gololi zinaingia kwa mlango mdogo chini ya bamba,
anaujua mwenye bunduki.

Ijumaa iliyopita nilimlenga Humud
kutoka nyuma ya mti wa ghafu, hatua thelathini.
Ikampata begani. "Nimekufa!"
Badala ya kwenda kivulini akaja kwangu,
akaipokea kwa mikono miwili,
akapapasa msaji, akapima uzito, akatikisa kichwa.
"Ya asili hii?"
"Ya asili kabisa."

Akauvuta wenzo. Akauvuta tena.
"Umekwama."

Haujakwama, nikamwambia.
Ndivyo ulivyokuja.